Mizani ya Kuazima

Kila asubuhi, yapata saa kumi na mbili na robo, Sekela Mwakifuna aliinama bila kuinama. Alikuwa amesimama wima mbele ya beseni, mswaki mdomoni, na mara kichwa chake kikahisi kinashuka, kinageuka kidogo kuume, kinatulia. Kisha ukaja mtikisiko mwepesi wa kupanda na kushuka, wa mtu anayefanya kazi kwa mikono miwili bila haraka. Hapo Sekela alijua kwamba kilomita tisa kutoka chumbani kwake, juu ya kilima cha Ikubo, Atuganile Mwaisaka ameketi kwenye kigoda chake na ameanza kumkamua ng'ombe wa kwanza.

Miezi ya mwanzo jambo hilo lilimsumbua, akawa anashika ukingo wa beseni mpaka lipite. Baadaye alilizoea, na baada ya kulizoea akalipenda. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minane anayeishi peke yake katika chumba cha kupanga nyuma ya soko la Tukuyu. Kujua kwamba kuna mtu anaamka, anainama na kuinuka salama kwa sababu yako si jambo dogo kwa mtu kama huyo.

Kifaa chenyewe kiliitwa mwega, yaani nguzo ya kuegemezea, na jina lilikikaa. Vilikuwa vifungo viwili vya ukubwa wa punje ya hindi. Kimoja kilibandikwa nyuma ya sikio la mgonjwa, cha pili nyuma ya sikio la mtu mzima wa afya. Mgonjwa akigeuza kichwa, habari za mgeuko ule zilipaa hadi kwenye ubongo wa yule mwenye afya, zikapangwa, zikarudi zimenyooka kabla mgonjwa hajapepesa macho. Ubongo mmoja ulifanya kazi ya watu wawili. Kwa sababu hiyo kanuni ilikuwa fupi: wiki sita, basi. Kipimo kilianza kumi na kikashushwa wiki hadi wiki, huku mgonjwa akifanya mazoezi, hadi sifuri.

Sekela alikuwa ameingia mwezi wa kumi na moja, na kipimo kilikuwa bado kumi.

Jumatatu hiyo ilikuwa zamu ya wafanyakazi wa kituo cha tiba ya kisunzi, Sekela akiwa mmoja wao, kupimwa afya. Gwamaka, mkuu wa kituo, aliwapima mwenyewe mmoja mmoja katika ukumbi wa mazoezi. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba wagonjwa wazee walimlalamikia. Alimwambia Sekela avue viatu, apande juu ya godoro la sponji, akunje mikono kifuani na afumbe macho.

Sekela alifumba macho. Godoro likamkimbia. Alipofumbua alikuwa ameegemea bega la Gwamaka.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Una ujauzito?"

"Sina."

"Rudia."

Alirudia, akaanguka upande uleule. Gwamaka akamdaka. Alimkalisha kwenye benchi, akasogeza nywele zake nyuma ya sikio, na hapo akakiona kifungo. Alikitazama kwa muda, kisha akachukua kishikwambi chake na kutafuta faili.

"Mara ya mwisho uliandikishwa mwega kwa ajili ya Atuganile Mwaisaka," alisema. "Wiki ya sita, sifuri. Umeandika: amepona, mwega umeondolewa. Sahihi ni yako."

"Ni yangu."

"Na sasa uko ngapi?"

"Kumi."

Gwamaka aliweka kishikwambi chini. "Yeye anajua?"

Sekela alitazama nyayo zake. "Anajua kwamba alipona. Nilimwambia kifungo kimebaki cha kuchunguza tu, ugonjwa usije ukarudi."

Nje mtu alikuwa akifagia majani yaliyoangushwa na mvua.

"Sikio lako ni zima," Gwamaka alisema. "Ni ubongo umechoka kugawa. Ukiacha sasa na ukafanya mazoezi, baada ya miezi mitatu au minne utarudi. Ukiendelea hadi mwisho wa mwaka, sina la kukuahidi."

"Na yeye?"

"Yeye unajua kuliko mimi. Ubongo wake umekaa mwaka mzima bila kazi." Alisimama. "Ijumaa nitaandika ripoti, Sekela, sina namna. Kabla ya Ijumaa nenda ukamwambie mwenyewe. Mtu asisome habari za mwili wake kwenye karatasi. Na usizime ukiwa huku. Anaweza kuwa kwenye mteremko na mzigo wa majani kichwani."

*

Atuganile aliletwa kituoni mwaka uliotangulia, mwezi wa masika makali, ameshikwa mkono na bintiye Bupe huku mkono wa pili ukipapasa ukuta. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na kisukari alikuwa nacho kwa miaka kumi na minane. Alieleza shida yake kwa utulivu wa mtu anayesimulia habari za jirani.

"Nikilala ubavu wa kulia, nyumba inageuka. Nikitazama juu kuchuma ndizi, mgomba unageuka. Nikiinama kwa ng'ombe, ng'ombe anageuka, na yeye ana pembe."

Sekela alisoma kwanza kiraka cha kupimia sukari kilichobandikwa mkononi mwake, kwa maana sukari ikishuka nayo huleta kisunzi. Sukari ilikuwa sawa. Alipima presha akiwa amelala, akaipima tena akiwa amesimama. Kisha alimwambia atazame pembeni, akamgusa nyayo kwa uzi mgumu mara kumi. Atuganile alihisi mara tatu.

Ndipo alipomketisha kitandani, akakigeuza kichwa chake kuume, akamlaza chali kwa mkupuo, kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo. Macho ya mama yule yakaanza kuchezacheza, yakiruka kuelekea sikio la kulia. Alishika mkono wa Sekela mpaka kucha zikaingia.

"Usifumbe, mama. Ni chembe tu. Ndani ya sikio kuna vichembe vya chokaa, vidogo kuliko unga, na kila kimoja kina mahali pake. Vyako vimeng'oka vikaingia kwenye mfereji visipotakiwa. Ukisogea, navyo vinasogea, na sikio linaapa kwamba dunia inazunguka."

Alingoja macho yatulie. Akageuza kichwa upande wa pili, akangoja. Akambiringisha mwili mzima ubavuni hadi uso ukatazama sakafu, akangoja tena. Kisha akamwinua taratibu. Chembe zilikuwa zimezungushwa kwenye mfereji wao na kumwagwa zilikotoka. Ni tiba ya mikono mitupu, ya zamani kuliko kituo chenyewe. Atuganile alitapika kwenye beseni, akafuta mdomo kwa ncha ya khanga, akaomba radhi kwa beseni.

Wagonjwa wengi wa Sekela walipona kwa kikao kimoja au viwili. Atuganile alihitaji vitano, na mara mbili chembe zilirudi. Hata zilipotulia kabisa, bado alitembea kama mtu aliye juu ya gogo.

"Mtu husimama juu ya mafiga matatu," Sekela alimweleza. "Macho, nyayo na masikio. Kisukari kimekula nyayo zako na kimegusa macho kidogo. Lililobaki ni sikio, na hilo limetoka kuugua. Tutalifundisha upya. Ni mazoezi, si dawa, na yatakuchukiza."

Yalimchukiza kweli. Kusimama juu ya sponji, kutembea huku akigeuza kichwa kulia na kushoto, kukodolea kidole macho huku kichwa kikitikisika: kila zoezi lilimletea kisunzi kilekile alichokuwa anakikimbia. Ndiyo maana mwega ulibuniwa, ili mgonjwa awe na pa kuegemea wakati anajifunza. Kwa kawaida mtoa mizani alitoka katika familia. Lakini Bupe alikuwa fundi wa kamba za chuma zinazosafirisha maziwa, anayepanda minara kila siku, na mpanda minara haruhusiwi kugawa mizani yake. Sekela akajitolea. Ilikuwa ndani ya kanuni.

Wiki tatu zilikwenda vizuri. Ya nne, kipimo kikiwa kimeshushwa hadi nne, Sekela alikuwa ofisini akiandika mara sakafu ikamwondokea. Alijua papo hapo. Alipofika Ikubo alimkuta Atuganile ameketi kwenye sakafu ya banda, kifundo cha mkono kimevimba, maziwa yamemwagika hadi mlangoni, na anacheka kicheko cha aibu.

"Usimwambie Bupe," alisema. Na baadaye, akifungwa bandeji, "Mwanangu, mimi haya siyawezi. Tufanye nimejaribu."

Siku ile Sekela alirudisha kipimo hadi kumi. Alijiambia ni kwa wiki moja tu, mpaka mkono upone. Kwenye faili aliandika nne. Wiki iliyofuata alijaribu kushusha kidogo, bila kumwambia, ili asiogope. Lakini akiwa amelala kitandani kwake alihisi mwili wa mama yule unayumba, unatafuta ukuta, akarudisha. Akajaribu tena baada ya siku nne, akarudisha. Wiki ya sita ilipofika, faili lilidai sifuri, na Atuganile alikuwa anatembea shambani kwake kama msichana. Sekela alimwambia amepona. Mama yule alimshika uso kwa mikono miwili na kusema, "Ndaga, ndaga fijo, asante sana," na kesho yake akaleta galoni la maziwa kituoni. Tangu hapo hakuna aliyezungumza habari za mazoezi.

*

Jumanne mchana Sekela alimfuata Bupe kwenye mnara wa tatu, mahali kamba ya chuma inapovuka bonde ikibeba madumu ya maziwa kutoka vilimani hadi kiwandani. Bupe alishuka akiwa amelowa ukungu, mshipi wa kupandia ukilia kiunoni. Alikuwa mwanamke wa maungo membamba, mwepesi wa kucheka. Alidhani Sekela amekuja kusalimia.

Sekela alimweleza yote hapohapo, wamesimama. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye sahihi ya wiki ya sita, Bupe alianza kufungua mshipi wake, na aliendelea kuufungua hata baada ya maelezo kuisha.

"Kwa hiyo mama hajapona."

"Chembe zilitulia. Kusimama bado hajajifunza."

"Mwaka mzima namwona anapita kwenye kingo za matuta, nalala usingizi kwa sababu nimemwona." Aliutupa mshipi chini. "Ungeniambia hata mimi tu."

"Nilipaswa kukuambia."

"Lakini hukuniambia."

Juu yao madumu yalipita mawili mawili, yakigongana taratibu. Bupe aliyatazama mpaka yakamezwa na ukungu.

"Basi nipe mimi," alisema. Sauti ilikuwa imebadilika, sasa ni ya mtu anayepanga kazi. "Bandika nyuma ya sikio langu. Nitaomba wanishushe, wanipe kazi ya kuhesabu madumu. Wamenitaka kule siku nyingi."

"Unaipenda kazi ya juu."

"Naipenda. Na mama je?" Alimsogelea. "Mwambie kifungo kinataka kusafishwa, ukibadilishe, mimi nichukue zamu. Ripoti yenu itaenda kwenu huko. Yeye asijue. Akijua ataanguka hata kabla hujazima."

"Na wewe mwakani utakuwa kama mimi nilivyo leo."

"Mwakani ni mwakani."

Hapo Sekela alihisi kitu alichokikumbuka baadaye kwa haya kuliko mengine yote: alihisi nafuu. Ilimwenea mwilini kama uji wa moto. Ingewezekana. Mama yule angeendelea kutembea, asingelazimika kumtazama usoni, na wema ungekuwa umehama tu kutoka bega moja hadi lingine. Akaitikia kwa kichwa. Wakakubaliana Jumatano saa nne.

*

Atuganile aliwapokea kwa furaha, akawawekea ndizi za kuchemsha na chai isiyo na sukari. Alizunguka jikoni bila kushika kitu, akainama kuchochea moto, akainuka. Sekela, ameketi kwenye kiti, aliinama na kuinuka pamoja naye. Mfukoni alikuwa na kifungo kipya, kimefungwa kwenye pamba.

"Kusafisha tu?" Atuganile aliuliza.

"Kusafisha tu, mama," Bupe alijibu haraka.

"Vizuri. Msikichukue muda mrefu, nina safari mchana. Nakwenda kwa Mama Ipyana." Alimgeukia Sekela kwa kumweleza. "Ana sukari kama mimi, na kisunzi kama changu. Ameanza kutembelea fimbo, amekata tamaa kabisa. Nikamwambia, mama, nitazame mimi. Mimi niliugua hivyohivyo, na leo nakata majani kwenye genge. Fimbo inakuzeesha. Basi jana amenisikia, fimbo ameitia motoni. Leo nakwenda kumtembeza hadi mtoni."

Bupe aliacha kutafuna.

Njia ya mtoni Sekela aliijua. Ilikuwa ya mawe, imeinama kama paa, na mvua ilikuwa imenyesha. Aliiona fimbo ya mwanamke asiyemfahamu ikiungua kwa ajili ya neno moja aliloliandika yeye mwaka jana, amepona.

"Mama," alisema, "usiende kwa Mama Ipyana."

"Dada Sekela," Bupe alisema.

"Naomba ukae, mama. Nina neno, na ningetaka ulisikie ukiwa umekaa."

Atuganile aliketi kwenye kitanda kilichokuwa karibu na meko kwa ajili ya baridi. Sekela alimwambia. Alianza na siku ya maziwa yaliyomwagika, akaja wiki ya sita, akaja Jumatatu alipoanguka mwenyewe kwenye sponji. Atuganile alisikiliza bila kumkatiza. Mara moja tu aliinua mkono akagusa nyuma ya sikio lake, akaurudisha magotini.

"Kwa hiyo hata sasa hivi," aliuliza, "nilipokuwa nachochea moto."

"Nilikuhisi."

"Na nikiwa nasali? Nikipiga magoti?"

"Nilihisi kichwa kinashuka, mama. Sikujua ni sala."

Mama yule aliinamisha macho. Ng'ombe walisikika bandani wakibadilisha miguu.

"Uliniona siwezi," alisema.

"Ulisema mwenyewe, mama. Siku ile, na bandeji mkononi. Ulisema huyawezi."

"Nilisema. Kila mtu akiumia husema. Hata kwenye uchungu wa huyu Bupe nilisema siwezi, na mkunga hakwenda nyumbani kwake." Hakupandisha sauti. "Kazi yako ilikuwa kutoniamini."

Sekela alitaka kuomba msamaha, maneno yakawa madogo mdomoni. Aliyasema hivyohivyo. Atuganile hakuonyesha kama ameyasikia.

"Mama, nipe mimi zamu," Bupe alisema, amepiga magoti mbele yake. "Dada ana kifungo kingine. Hutatofautisha kitu."

"Wewe unapanda minara."

"Nitashuka."

"Hushuki kwa ajili yangu. Nimetembelea mgongo wa mtu mwaka mzima bila kujua. Sitatembelea wa mwanangu nikijua." Akamgeukia Sekela. "Zima."

"Tutapunguza taratibu, mama. Leo tisa, wiki ijayo..."

"Umepunguza taratibu miezi kumi na moja. Zima."

Sekela alimwomba alale chali, akampangia mito pande zote mbili. Alimwambia Bupe alete beseni. Kisha akatoa kishikwambi na kushusha kipimo hadi sifuri.

Kwake mwenyewe kulikuwa kimya. Hakupata kujua kwamba kulikuwa na mtu mwingi kiasi kile ndani ya kichwa chake mpaka alipoondoka.

Atuganile alishika godoro kwa mikono yote miwili. Macho yake yalitangatanga darini yakitafuta mahali pa kushika, pasipatikane. Alijaribu kuketi, akaegemea upande, Bupe akamdaka. Alitapika. Alijaribu tena, na mara hii aliketi, miguu imetanuliwa, viganja vimebandikwa kitandani kama mtoto anayejifunza kukaa.

"Kumbe nilikuwa hapahapa siku zote," alisema.

Alikaa hivyo kwa muda, akihema. Kisha akamwambia Bupe aende kwa Mama Ipyana kabla ya mchana, amkatie fimbo mpya, ngumu, na amweleze kwa nini. Kwa Sekela hakugeuza uso, pengine kwa sababu kugeuza uso kulimwumiza.

"Wewe nenda," alisema.

*

Ripoti iliandikwa Ijumaa. Sekela alisimamishwa kugusa wagonjwa kwa mwaka mmoja, na akaandikiwa mazoezi ya mizani mara mbili kwa juma, katika ukumbi uleule aliokuwa akifundishia. Alikuwa mgonjwa sasa. Alivua viatu mlangoni pamoja na wengine, akapanda sponji, akafumba macho, akaanguka, akapanda tena.

Atuganile aliletwa Jumanne ya tatu. Ng'ombe walikuwa wamehamishiwa kwa shemeji yake. Alikuja ameshika fremu ya chuma, hatua ndogo ndogo, Bupe nyuma yake mikono wazi. Alimwona Sekela, akapita. Gwamaka akampa nafasi ya mbali zaidi, karibu na dirisha.

Wiki saba walifanya mazoezi katika ukumbi mmoja bila kusalimiana. Sekela alisikia yote. Alisikia chembe ziliporudi wiki ya pili, Gwamaka akimlaza na kumbiringisha kwa sauti yake ile ya chini, na Atuganile akimwambia aseme kwa nguvu, hakuja kusikiliza siri. Alisikia beseni. Alisikia wiki ya nne, pale Gwamaka alipomwambia ukweli: pengine hatarudi kwenye genge tena, pengine fremu itakuwa yake hadi mwisho. Atuganile aliuliza kama pengine ni neno la daktari au la muungwana. Gwamaka alisema ni la wote wawili.

Alhamisi ya wiki ya saba Gwamaka aliitwa mapokezi. Alimwacha Atuganile ameketi kwenye kiti kati ya vyuma viwili vya kushikia, akamwambia amngoje. Atuganile hakumngoja. Aliinuka kwa kujivuta, akapanda juu ya sponji, mguu wa kwanza, wa pili. Akasimama. Kisha akaviachia vyuma.

Sekela alikuwa amefika karibu naye kabla hajajua kwamba ameondoka kwenye nafasi yake. Mama yule alikuwa anayumba, mbele, nyuma, vidole vya miguu vikibinya kitu visichokihisi. Sekela alinyoosha mkono.

"Usiniguse."

Mkono ulibaki hewani.

"Hesabu tu," Atuganile alisema.

Sekela aliushusha mkono. Ilimbidi aufunge nyuma yake kwa mkono wa pili. "Moja," alisema. "Mbili." Alihesabu kwa mwendo wa saa ya ukutani, bila kuharakisha. Kwenye tano kiuno cha Atuganile kilikatika kuelekea dirishani, kikarudi chenyewe. Kwenye nane magoti yalianza kutetemeka. Sekela hakuhisi chochote kichwani mwake, hakuinama, hakuyumba. Aliona tu kwa macho, kama mtu mwingine yeyote, na hakujua kama mama yule ataanguka au hataanguka. "Tisa. Kumi. Kumi na moja."

Atuganile alishika chuma. Alibaki ameinama juu yake, akihema, jasho likimdondoka kidevuni. Katika faili la mwaka jana, wiki ya tatu, mwega ukiwa umezimwa kwa jaribio, Sekela mwenyewe alikuwa ameandika ishirini na mbili.

"Ngapi?"

"Kumi na moja, mama."

"Na juzi Jumanne zilikuwa ngapi?"

"Juzi sikuhesabu mimi."

Atuganile alifuta kidevu kwa ncha ya khanga. Alisogeza nyayo zake kwenye sponji, moja baada ya nyingine, akizitazama ili ajue zilipo.

"Basi hesabu hizi," alisema, akaachia.